Kustaafu kwa Kiingereza: namna ya kuchagua kati ya “retire”, “retired” na “retiring”

Maswali ni yale yale kila mara. “Baba amestaafu” ni “my father has retired” au “my father is retired”? Mbona “he is a retired” hurudishwa na alama nyekundu? “A retiring officer” ni ofisa anayestaafu au ofisa mwenye haya? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu unapokuwa na sentensi ya Kiswahili kichwani hadi sentensi ya Kiingereza ikae sawa kwenye karatasi.

Karibu tabu yote inatokana na kiambishi -me-. Tukisema “amestaafu” tumesema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba tendo limefanyika, na kwamba mtu yumo katika hali hiyo hadi leo. Kiingereza hakikuruhusu kuyabeba yote mawili kwa umbo moja. Lazima uchague, na ukishachagua sawasawa, nusu ya makosa hupotea yenyewe.

Andaa haya kwanza

- Sentensi yako ya Kiswahili, iliyoandikwa kamili. Usitafsiri neno mojamoja kichwani.
- Mwaka au tarehe ya kustaafu, au idadi ya miaka tangu hapo. Kama huijui, usiikisie.
- Jina la kazi na jina la cheo. Ni vitu viwili tofauti: ualimu ni kazi, mwalimu mkuu ni cheo. Hatua ya 4 inategemea tofauti hiyo.
- Jibu la swali hili: ni nani aliyeamua? Mhusika mwenyewe, umri wake, au mwajiri?
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye sentensi za mifano. Kamusi ndogo ya lugha mbili itakwambia “retire” ni kustaafu na kuishia hapo, bila kukuonyesha kihusishi kinachofuata.

Hatua ya 1: Amua unasema tukio, hali au mpango

Jiulize sentensi yako inajibu swali gani. Ikijibu “lini?”, unasema tukio. Ikijibu “siku hizi anafanya nini?”, unasema hali. Ikijibu “bado muda gani?”, unasema mpango. Andika T, H au M pembeni ya sentensi kabla hujagusa Kiingereza. Ni jambo la sekunde tano, na wanaoliruka ndio wanaorudi na maswali yale yale.

Hatua ya 2: Chagua umbo la kitenzi

*Tukio lenye tarehe.* Tumia “retired” peke yake: “She retired in 2019.” “He retired last month.”

Kosa linaloongoza kwa wingi ni “She has retired in 2019.” Kwetu “amestaafu mwaka 2019” hupita bila mtu kushtuka, ndiyo maana mkono huandika “has”. Kwa Kiingereza, “has” pamoja na kitenzi huunganisha jambo na sasa, na tarehe iliyokwisha kupita hulikata jambo hilo na sasa. Haviwezi kukaa kwenye sentensi moja. Ukiona mwaka usiotanguliwa na “since”, jina la siku au neno “ago”, futa “has”.

*Tukio lisilo na tarehe, hasa kama habari.* “She has retired.” “She has just retired.” Hapa msikilizaji anapewa jambo jipya.

*Hali.* “She is retired.” Hapa “retired” ni kivumishi, sawa na “married” au “tired”. Mtu akikuuliza kazi ya mzazi wako, jibu la kawaida ni hili. Kwenye fomu, mbele ya nafasi ya kazi, andika “Retired” tu.

*Hali yenye muda.* Hapa ndipo penye miiba, kwa hiyo soma taratibu. Unataka kusema “amestaafu miaka sita sasa”. Sahihi ni “She has been retired for six years” au “She has been retired since 2019.” Pia unaweza kugeuza na kusema “She retired six years ago”, na kwa anayeanza hii ndiyo njia salama kuliko zote.

Maumbo mawili ya kuepuka hapa:

- “She is retired since 2019.” Neno “since” linadai “has been”. Halikai na “is” katika sentensi ya namna hii.
- “She has retired for six years.” Kitenzi “retire” ni tendo la mara moja, kama kufika au kuanguka. Kinachochukua miaka sita ni kuwa mstaafu. Neno “been” ndilo linalogeuza tendo kuwa hali, na kuliacha kunaharibu maana.

*Mpango.* Tarehe ikishapangwa rasmi: “I retire on 30 June.” Ukiwa unawaambia wenzako: “I am retiring in June.” Ukitaka kusema muda umewadia kwa mujibu wa kanuni: “I am due to retire in June.” Ukiwa na nia tu: “I hope to retire at 55.” Na ukitaka kusema kufikia siku fulani jambo litakuwa limekwisha: “By July I will have retired.”

Hatua ya 3: Hakikisha kitenzi chenyewe ni “retire”

Kiswahili hutofautisha kustaafu, kustaafishwa, kujiuzulu, kung’atuka, kuachishwa kazi na kufukuzwa. Kiingereza nacho hutofautisha, ila mipaka haipiti mahali pale pale.

“Retire” ni kumaliza maisha ya kazi, mara nyingi kwa umri au kwa afya. “Resign” ni kuacha nafasi kwa hiari kabla ya wakati. Kesho unaweza kuanza kazi kwingine. “Step down” ni kuachia uongozi, na ndilo neno lililo karibu zaidi na kung’atuka. Uingereza, mtu ambaye nafasi yake imefutwa husemwa “was made redundant”. Marekani husema “was laid off”. “Was dismissed” ni kufukuzwa kwa lugha rasmi, na “was sacked” au “was fired” kwa lugha ya mazungumzo.

Mfano mzuri ni Papa Benedikto wa 16, aliyeachia nafasi yake mwaka 2013. Kwa Kiswahili wengi walimwita Papa mstaafu. Kwa Kiingereza tendo lake lilielezwa kwa “resigned”, na cheo alichobaki nacho kilikuwa “pope emeritus”. Ukitafsiri “mstaafu” kila mara kwa “retired”, utakosa pale pale ambapo wasomaji wengi wanaijua habari.

Mwingine ni Nelson Mandela. Aliondoka madarakani mwaka 1999, na mwaka 2004 akatangaza kupumzika shughuli za hadhara. Hizo ni sentensi mbili zenye vitenzi viwili: “He stepped down as president in 1999” na “He retired from public life in 2004.”

Sasa kustaafishwa. “He was retired” kwa mtu ni umbo la hatari kwa sababu lina maana mbili: kwamba tayari alikuwa mstaafu, au kwamba mwajiri alimstaafisha. Kama unasema alistaafishwa, andika waziwazi: “He was forced to retire”, “He was made to retire early”, au kwa lugha ya ofisini “He was compulsorily retired.” “He was pensioned off” nayo ipo, lakini ina ladha ya kumdharau mtu, kama kwamba ametupwa kando, usiiweke kwenye barua.

Kwa vitu hakuna utata. Ndege, meli na mitambo hustaafishwa kila siku kwa Kiingereza: “Concorde was retired in 2003.” “The space shuttle was retired in 2011.” Hata namba ya jezi hustaafishwa, maana yake hakuna mchezaji mwingine atakayeivaa. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilifanya hivyo mwaka 1997 kwa namba 42 ya Jackie Robinson: “Major League Baseball retired his number in 1997.”

Hatua ya 4: Funga kihusishi sahihi

Kihusishi ndicho humfichua anayetafsiri kutoka kichwani. Shika hivi:

- “from” + kazi au taasisi: “retired from teaching”, “retired from the army”.
- “as” + cheo: “retired as headmaster”. Alex Ferguson “retired as manager of Manchester United in 2013”. Baada ya “as”, cheo cha mtu mmoja tu hakihitaji “the”.
- “at” + umri: “retired at 60” au “retired at the age of 60”. Usiandike “with 60 years” wala “in 60 years”; hiyo ya pili humaanisha miaka sitini ijayo.
- “on” + kipato au sababu: “retired on a full pension”, “retired on medical grounds”.
- “to” + mahali pa kwenda kuishi: “retired to the coast”.
- “in” + mwaka au mwezi. “On” + tarehe kamili.

Baada ya “from” usiweke “to”. “Retired from to work” si Kiingereza. Chagua “retired from work” au “retired from working full time”.

Ukitumia nomino “retirement”, vihusishi hubadilika. “In retirement” ni kipindi chote cha ustaafu: “He wrote two books in retirement.” “On retirement” ni ile siku yenyewe: “On retirement you receive a lump sum.” Kwa hiyo “he is on retirement”, ambayo watu huitunga kwa kufuata “on leave”, haifai. Likizo ina siku ya kurudi; ustaafu hauna. Andika “he is retired” au “he is in retirement”. Kuingia ni “go into retirement”, kuomba mapema ni “take early retirement”, na kurudi kazini ni “come out of retirement”. Michael Jordan alistaafu mwaka 1993, akarudi 1995, akastaafu tena 1999, akarudi 2001 na kumaliza kabisa 2003. Kwa Kiingereza, “he came out of retirement twice”.

Hatua ya 5: Chagua kivumishi

“Retired” ni mtu aliyekwisha kustaafu: “a retired nurse”. Ukitaka kuonyesha ni juzi tu, “a recently retired nurse” au “a newly retired nurse”. Anayefanya kazi kidogo baada ya kustaafu ni “semi-retired”.

“Retiring” ina sura mbili. Kabla ya cheo, humaanisha anayekaribia kuondoka: “the retiring chairman”. Kwa kueleza tabia, humaanisha mpole, mwenye haya, asiyependa kujionyesha: “a shy, retiring man”. Sababu iko kwenye asili ya neno. Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa, na maana yake ya kwanza ilikuwa kujivuta nyuma, kujitenga. Mwenye haya hujivuta nyuma mbele za watu. Mfanyakazi hujivuta nyuma kutoka kazini.

Neno “outgoing” nalo lina sura mbili. “The outgoing chairman” ni mwenyekiti anayeondoka madarakani, lakini “an outgoing man” ni mtu mchangamfu. Yaani maneno yale yale mawili yanayokaribiana sana mtu anapoondoka kwenye cheo huwa kinyume kabisa unapoeleza tabia. Ukiandika hotuba ya kumuaga mtu, “our retiring director” inaweza kusikika kama “mkurugenzi wetu mwenye haya”. Dawa yake: “our director, who is retiring this month”.

“Former” ndiyo inayosahaulika zaidi. “Rais mstaafu” na “waziri mstaafu” kwa Kiingereza cha kawaida cha kimataifa ni “former president” na “former minister”. Hizo ni nafasi za muda. Mtu anaweza kuzitoka akiwa na miaka 45 na kuendelea na kazi nyingine, kwa hiyo “retired” haimfai. “Retired” hukaa vizuri na taaluma za maisha: mwalimu, hakimu, mhandisi, mwanajeshi, muuguzi.

Usichanganye na “late”. “The late chairman” ni marehemu mwenyekiti. Kosa hili moja linaweza kuleta simanzi nyumbani kwa watu bila sababu.

“Emeritus” ni heshima inayotolewa na chuo au kanisa, si kila profesa mstaafu anayo. Kama hujathibitisha kwamba amepewa, andika “retired professor”. Kwa mwanamke baadhi ya vyuo huandika “emerita”. Fuata chuo chake kinavyoandika.

“Pensionable” huambatana na umri, cheo na utumishi: “pensionable age”, “a pensionable post”, “pensionable service”. Haimaanishi mtu aliyestaafu.

Tena, jina la kitu linalohusu kustaafu huchukua nomino “retirement” na si “retired”: “retirement age”, “retirement benefits”, “retirement letter”, “retirement party”. “Retired age” ingekuwa umri ambao wenyewe umestaafu. Mashine zikistaafu ni sawa, umri haustaafu.

Hatua ya 6: Mtaje mtu mwenyewe

Mstaafu si “a retired”. Kivumishi hakisimami peke yake kwa mtu mmoja. Una njia tatu:

1. Weka nomino baada yake: “a retired teacher”, “a retired man”.
2. Tumia “retiree”, ambayo imeshamiri zaidi Marekani.
3. Tumia “pensioner”, inayosikika zaidi Uingereza, lakini maana yake ni mtu anayepokea pensheni. Aliyechukua kiinua mgongo chote kwa mkupuo na halipwi kila mwezi ni “retiree”, si “pensioner”.

Kwa kundi zima, “the retired” inakubalika: “housing for the retired”. Huchukua kitenzi cha wingi, na haiongezwi “s”. “The retireds” haipo.

Kwa wanajeshi, mkato huja baada ya jina: “Retd” kwa mtindo wa Uingereza, “Ret.” kwa mtindo wa Marekani.

Hatua ya 7: Angalia tahajia na usome kwa sauti

“Retiring” huacha “e”, “retirement” huibakiza, “retiree” ina “e” mbili mwishoni. Katika “retired”, mwisho hutamkwa “d” tu, hakuna “-ed” ya kutamkwa peke yake: ri-TAI-ad, si ri-tai-REDI. Katika “retiree”, mkazo uko mwisho kabisa.

Onyo kwa wanaotafsiri habari za michezo

Ukikutana na “retired” kwenye ripoti ya mchezo, usikimbilie kustaafu. “She retired in the second set” kwenye tenisi ni kwamba alijitoa kwenye mechi, mara nyingi kwa kuumia; wiki ijayo anacheza tena. Kwenye mbio za magari, “he retired from the race” ni kujitoa kwenye mbio za siku hiyo, lakini “he retired from racing” ni kustaafu kabisa. Tofauti yote imo kwenye maneno mawili ya mwisho. Kwenye kriketi, mpigaji aliye “retired hurt” ametoka kwa maumivu na anaweza kurudi uwanjani katika ingwe ile ile. Gazeti likiandika kwamba amestaafu, limemmaliza mchezaji aliye hai kazini.

Katika hadithi, “they retired early” inaweza kuwa walikwenda kulala mapema. Mahakamani, “the jury retired” ni wazee wa baraza wametoka kwenda kushauriana. Kwenye fedha, “to retire a debt” ni kulipa deni likaisha.

Sentensi ikikataa kukaa sawa

*“My mother is retire.”* Umesahau “d”. Baada ya “is” unahitaji kivumishi: “is retired”.

*“She was retired in 2018”, nawe unataka tukio la kawaida tu.* Ondoa “was”. Wengi huiweka kwa kudhani kustaafu ni jambo mtu hutendewa. Iache tu kama alistaafishwa, na hata hapo rudi hatua ya 3.

*“He retired his job.”* Kihusishi kimepotea: “He retired from his job.” Kitenzi kikikamata kitu moja kwa moja, maana inakuwa kukistaafisha kitu hicho.

*“He resigned at 65 after forty years.”* Sarufi haina kosa, lakini msomaji atadhani kulikuwa na ugomvi. Kama ni umri, “retired”.

*“I wish you happy retirement.”* Ikiwa na kivumishi mbele, nomino hii hudai “a”: “I wish you a happy retirement.” Kwenye kadi, “Happy retirement!” pekee ni sawa. Na “in retirement” haichukui “a” wala “the”.

*“He lives by pension.”* Mtu huishi “on a pension”. Kuipokea ni “draw a pension” au “receive a pension”. Pensheni ya mtu mmoja kutoka mfuko mmoja haiwekwi katika wingi.

*Huwezi kuamua kati ya “has retired” na “is retired”.* Jaribu kuongeza “just”. Ikikaa vizuri, kama “she has just retired”, unasema habari. Ikiwa unachotaka kuongeza ni “now” au “happily”, kama “she is happily retired now”, unasema hali. Zikikubali zote mbili, andika yoyote. Hapo hata wenye lugha huchanganya bila kosa.